Pinki Si Jina la Jiwe: Uliza Kwanza, PIN Baadaye

Picha inaingia WhatsApp saa tatu usiku. Ni kiganja cha mtu, na katikati yake kuna jiwe la pinki linalowaka chini ya taa ya simu. Chini ya picha kuna maneno machache: "Yakuti original kutoka Taita. Elfu kumi na tano. Kuna mwingine anaitaka, tuma sasa nikuwekee."

Wewe ni fundi wa mapambo. Una oda ya pete ya uchumba, mteja amesema anataka pinki, na salio lako lina elfu kumi na nane. Kidole tayari kiko juu ya kitufe.

Makala hii ni kwa ajili ya dakika hiyo moja, kati ya picha na PIN. Wengi wetu tumefundishwa kuangalia namba ya simu, jina la mpokeaji na kiasi cha pesa kabla ya kutuma. Ni sawa, endelea hivyo. Lakini kwenye vito kuna swali lingine linalotangulia hayo yote: jiwe hili linaitwa nani?

Kwa nini jina lina uzito hivyo? Kwa sababu mfumo wa malipo unaona pesa, hauoni jiwe. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, unaweza kuomba muamala urudishwe. Lakini ukimtumia mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokikusudia, kisha ukagundua jiwe ni kioo, hapo muamala haukukosea mahali popote. Ugomvi umebaki kati yako na muuzaji, na ushahidi wako ni yale mliyoandikiana kabla ya kulipa. Kama hamkuandikiana chochote zaidi ya "hiyo pinki", huna mahali pa kushika.

Waridi la Taita

Tuanze na jiwe la pinki ambalo fundi wa Kenya ana nafasi nzuri ya kukutana nalo: rodolaiti. Hili ni jiwe la jamii ya ganeti. Rangi yake huanzia pinki iliyokolea, ikaingia zambarau, hadi wekundu wa zabibu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya waridi. Walioliita hivyo walikuwa wameliona North Carolina, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, lakini siku hizi Afrika Mashariki ni kati ya sehemu zinazojulikana sana kwa jiwe hili.

Huku kwetu linachimbwa Taita Taveta, katika nyika ya upande wa Mangare na Kasigau, na ukivuka mpaka unalikuta bonde la Umba, Tanzania. Ardhi hiyo yote iko kwenye ukanda wa miamba ya kale ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Takriban miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana, miamba hiyo ilibanwa na kuchomwa chini sana ardhini, na humo ndimo ganeti, rubi na safaya zilimopikwa. Ndiyo maana kaunti moja inaweza kukutolea mawe mengi tofauti yenye rangi zinazofanana. Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia.

Pinki ziko nyingi

Eneo hilo hilo la Mangare linajulikana duniani kwa rubi tangu miaka ya 1970. Kwa Kiswahili rubi ni yakuti, na safaya ya buluu ni yakuti samawi. Kumbe hayo mawili ni madini yale yale, korandamu. Kilichobadilika ni vitu vidogo vilivyoingia ndani yake wakati likiumbika. Kromiamu ikiwa nyingi, jiwe huwa jekundu na huitwa rubi. Ikipungua, huwa pinki na huitwa safaya ya pinki. Safaya ya pinki na rodolaiti zinaweza kulala kwenye kiganja kimoja na macho yako yasione tofauti. Lakini bei zake si za soko moja: safaya nzuri huuzwa ghali kuliko rodolaiti ya ukubwa ule ule.

Kisha kuna spineli ya pinki, kama ile ya Mahenge, Tanzania, iliyovuma baada ya mawe makubwa kupatikana mwaka 2007. Kuna tomalini ya pinki. Kuna kwatzi ya waridi, ambayo ni nafuu na huwa na ukungu ndani. Kuna rubi na safaya za maabara. Na mwisho wa foleni kuna kioo.

Usijilaumu kama umewahi kuchanganya. Kwenye taji la wafalme wa Uingereza, lile wanalovaa siku ya kufungua bunge, mbele kabisa kuna jiwe kubwa jekundu linaloitwa Rubi ya Black Prince. Lilisifiwa kama rubi kwa karne nyingi. Ni spineli. Kama hazina ya mfalme ilidanganywa na rangi, sembuse sisi na picha ya WhatsApp?

Majaribio ya mezani

Kuna jaribio moja ambalo wauzaji hulipenda sana: "Ona, linakwaruza kioo!" Usilipe kwa sababu hiyo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kioo cha dirisha kiko karibu 5.5. Kwatzi ni 7, rodolaiti ni 7 hadi 7.5, spineli ni 8, safaya na rubi ni 9. Zote zitakwaruza kioo. Hata safaya ya maabara itakwaruza, kwa sababu ugumu wake ni ule ule wa jiwe la ardhini. Jaribio hilo linakuambia tu kwamba jiwe ni gumu kuliko dirisha.

Haya hapa yana faida zaidi:

*Lenzi.* Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Angalia ndani ya jiwe, si juu yake. Viputo vya duara, kama vya soda, ni dalili ya kioo. Mawe ya ardhini mara nyingi huwa na vitu vingine: vijinyuzi kama sindano, vipande vya madini mengine, mipasuko midogo. Jiwe kubwa lisilo na doa hata moja, kwa bei ya kutupa, ni la kutiliwa shaka.

*Sumaku.* Hili watu wengi hawalijui. Rodolaiti ina chuma ndani yake. Chukua sumaku ndogo yenye nguvu sana, kama ile inayotolewa ndani ya diski kuukuu ya kompyuta. Ya kubandika kwenye friji haitoshi. Weka jiwe juu ya kipande chepesi cha lile povu jeupe la kufungia televisheni, kisha likieleeshe kwenye beseni la maji. Sogeza sumaku karibu bila kugusa. Rodolaiti itaifuata polepole. Safaya ya pinki na kwatzi ya waridi hazitajali. Jaribio hili peke yake halimalizi kesi, lakini mtu akikuuzia "yakuti" kisha ikakimbilia sumaku, una swali la kumuuliza.

*Mstari uliopinda.* Rubi za maabara zilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1902 na Mfaransa Auguste Verneuil, na njia yake bado inatumika. Chini ya lenzi, mawe yake yanaweza kuonyesha mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri. Jiwe la ardhini halikui hivyo. Tukumbushane pia kwamba jiwe la maabara si haramu. Likiuzwa kwa jina lake na bei yake, halina shida. Kosa ni kuliuza kwa jina la jiwe lililochimbwa.

*Mtaalamu.* Kwa jiwe la pesa nyingi, majaribio ya nyumbani hayatoshi. Mjini Voi kuna kituo cha vito kilichojengwa na serikali ili mawe yatambuliwe, yakatwe na kung'arishwa huko huko Taita Taveta. Nairobi nako kuna wataalamu wenye maabara. Ukilinganisha gharama ya kupima na elfu kumi na tano zilizopotea, utaona ipi ni nafuu.

Kabla ya kubonyeza

Sasa turudi kwenye ile picha ya saa tatu usiku. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, mwandikie muuzaji na umwombe mambo manne kwa maandishi: jina la jiwe, uzito wake, kama ni la ardhini au la maabara, na kama limechomwa moto kuboresha rangi. Rubi na safaya nyingi huchomwa, na biashara ya vito inalikubali hilo mradi mnunuzi aambiwe. Rodolaiti kwa kawaida haichomwi. Mwongeze swali la tano: likipimwa na kukutwa ni kingine, utanirudishia pesa? Muuzaji wa kweli atajibu. Anayekasirika kwa kuulizwa jina la bidhaa yake amekwisha kujibu.

Pili, elewa uzito. Jiwe hupimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Gramu moja, basi, ni karati 5. Usichanganye na karati za dhahabu: zile hupima usafi, na dhahabu safi ni karati 24. Jiwe la "karati 18" na mkufu wa "karati 18" hayahusiani kabisa, na kuna watu wanaotegemea uchanganye.

Tatu, omba leseni. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka anayefanya biashara ya madini awe na leseni, na mchimbaji mdogo awe na kibali. Kuomba kuona si dharau. Na kama nawe unafikiria kununua mawe ghafi ili uyauze tena, anza kwenye ofisi ya madini ya kaunti kabla ya kuanza kutuma pesa.

Nne, kutaneni mahali penye mizani na mwanga wa mchana. Haitawezekana? Basi kama ni lazima utangulize kitu, tuma kiasi kidogo ambacho kikipotea utakula na kulala, na mwandikiane kuwa ni cha kushikilia jiwe tu.

Tano, lipa kwa till ya biashara kuliko namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama uliambiwa ni duka la vito la Voi na jina linalotokea ni la mtu ambaye hamjawahi kutajiana, simama. "Tuma kwa namba ya shemeji yangu, till imekataa leo" ni sentensi ya kukufanya uweke simu mfukoni.

Sita, andika kodi ya muamala kwenye risiti ya jiwe, pamoja na jina na uzito. SMS inathibitisha kwamba ulilipa, na risiti inaeleza ulicholipia. Ukiwa na kimoja bila kingine, una nusu ya ushahidi.

Neno kwa anayechimba

Tumezungumza na mnunuzi, lakini kuna mtu mwingine kwenye hii biashara: yule aliyeshinda shimoni tangu alfajiri na kupanda jioni na mawe machache ndani ya karatasi. Yeye pia akisema "nauza hizi pinki", anajipunja. Broka akishika lenzi na kujua kwamba katikati ya ganeti kuna safaya mbili, atanunua furushi zima kwa bei ya ganeti na kunyamaza. Jina ambalo mchimbaji hakulijua limekuwa faida ya mtu mwingine. Tenga mawe kwa aina kabla ya kuyaonyesha, na pima uzito kwa mizani yako.

Na usikabidhi jiwe kwa sababu umeonyeshwa SMS. Kuna ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli hadi nukta ya mwisho. Tena huko machimboni mtandao hupotea, kwa hiyo ni rahisi mtu kusema "pesa imeingia, ni network tu inasumbua". Angalia salio lako mwenyewe, kwenye menyu ya simu yako, kwa mkono wako. Salio halijabadilika, jiwe halitoki. Atakayeudhika aende akatafute network kwanza.

Jiwe likifika mezani

Haya, umelipata, umelipima, ni rodolaiti. Sasa kazi ya mikono ianze.

Mafundi wa Kenya tayari wana ujuzi wa kufanya chuma kiishi mara ya pili. Kibera kuna karakana zinazoyeyusha mifereji ya maji na kufuli kuukuu na kuzigeuza bangili na hereni za shaba ya njano. Lamu, masonara wameweka vipande vya vyombo vya kale vya kauri ndani ya pete za fedha. Pete hizo zina somo kwa fundi wa rodolaiti: ukuta mwembamba wa fedha umezungushwa kipande chote, kisha ukakunjwa kidogo juu ya kingo. Jiwe halina pa kutokea. Mtindo wa makucha manne huruhusu mwanga mwingi zaidi, lakini makucha hunasa kwenye sweta, hulegea, na siku moja mteja anakupigia analia.

Kanuni moja ya moto: lehemu kila kitu kwanza, jiwe liingie mwisho. Ganeti haipendi joto la ghafla. Ukipiga moto pete yenye jiwe ndani, au ukaitumbukiza kwenye maji baridi ikiwa bado moto, jiwe linaweza kupasuka mbele ya macho yako, na hakuna wa kumdai.

Rangi nayo ina lake. Shaba ya njano na dhahabu huivuta rodolaiti kuelekea wekundu wa joto. Fedha huiacha ionyeshe zambarau yake. Jiwe lililokolea sana, kubwa na nene, huonekana jeusi usiku. Kwa hereni, chagua mawe madogo na mepesi ya rangi.

Mwambie mteja aivue anapofua na kuosha vyombo, aisafishe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, na asiiweke kwenye mfuko mmoja na safaya, maana 9 hukwaruza 7. Vumbi la barabarani nalo lina kwatzi ndani, kwa hiyo lisuguliwe kwa maji, si kwa kitambaa kikavu.

Na usisahau kwamba kwa orodha ya mawe ya kuzaliwa iliyopangwa na masonara wa Marekani mwaka 1912, ganeti ni jiwe la Januari. Tunaijua Januari ya hapa kwetu: karo, kodi, na mfuko unaopiga mwangwi. Uza zawadi za Njaanuari mwezi wa Novemba na Desemba, watu wakiwa bado na kitu.

Hesabu inayoumiza kimyakimya

Kuna hasara ya pili ambayo haitoki kwa tapeli. Inatoka kwetu wenyewe. Namba zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko.

Umenunua rodolaiti ghafi ya gramu 5 kwa shilingi 6,000. Hiyo ni karati 25. Ukikata jiwe ghafi, sehemu kubwa ya uzito huondoka kama vumbi na vipande. Tuseme umebaki na mawe 6 ya karati moja moja, kila moja likiwa kubwa kidogo kuliko punje ya ndengu. Unagawa: 6,000 kwa 6, kila jiwe 1,000. Hereni jozi moja, mawe 2,000. Unaongeza fedha na ndoano 1,200, kisanduku na usafiri 300. Jumla 3,500. Unauza 4,500 na kusema umepata elfu moja.

Lakini fundi wa kukata alikutoza 500 kwa kila jiwe, na ulimlipa kwa simu siku nyingine, pesa ikachanganyika na unga na tokeni za stima. Ongeza. Kila jiwe ni 1,500, jozi ni 3,000, gharama yote ni 4,500. Ile elfu moja haikuwahi kuwepo. Ulikaa siku mbili mezani bure, na mteja anakusifu kwa bei nzuri.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Tumia till au laini tofauti kwa biashara. Lipa kila gharama ya jiwe kutoka huko: mawe, kukata, fedha, boda. Mwisho wa mwezi vuta taarifa ya miamala na kaa nayo na kalamu. Miamala midogo uliyoisahau ndiyo iliyokula faida.

Na unapouza, mpe mteja wako kile ulichodai kwa muuzaji wako. Andika kwenye karatasi ndogo ndani ya kisanduku: rodolaiti, karati kadhaa, ya ardhini, haijachomwa, imetengenezwa kwa mkono. Usiandike "rubi" kwa sababu inapendeza. Mteja huyo naye siku moja ataikuta sumaku.

Sasa ile picha bado iko kwenye simu yako. Saa zimekwenda, pengine ni saa tatu na robo. Mjibu hivi: "Asante. Jiwe linaitwaje, uzito gani, na kesho tunaweza kukutana wapi kulipima?" Akinyamaza, elfu kumi na nane zako bado ziko kwenye salio. Akijibu vizuri, pengine umepata muuzaji wa miaka mingi. Kuuliza si ujinga.